Harusi Bila Mkopo

Ukipita ploti ya Mzee Kisemei pale Kitengela, utasikia cherehani kabla ya kuona nyumba. Ni cherehani ya Jentrix. Chumba cha mbele ni cha kazi. Chumba cha nyuma ni cha kulala. Asubuhi wateja huanza kuingia. Huyu analeta suruali ipunguzwe. Yule anataka sare ya shule. Mwingine anakuja kujaribu nguo ya harusi.

Jentrix ameshona nguo nyingi za harusi. Yeye mwenyewe hajawahi kuvaa.

Ameishi na Morgan Ondiek kwa miaka kumi na moja. Wana watoto wawili, Lavin na mdogo wake Felix. Morgan anaendesha forklifti, gari la kuinua mizigo, katika kiwanda kimoja kule Athi River. Asubuhi anaenda kazini kwa pikipiki yake, jioni anarudi na mkate au sukuma wiki. Wanaelewana vizuri. Lakini hawajafunga ndoa kanisani.

Jambo hili lilimuuma Jentrix kila mara kanisa liliposhiriki Meza ya Bwana. Waumini walisimama na kwenda mbele. Yeye, kwa kuwa hakufunga ndoa, hakuruhusiwa; alibaki kwenye benchi na mkoba wake. Siku moja Felix alimuuliza, "Mama, kwa nini wewe huitwi?"

Jentrix aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani. Jioni alimwambia Morgan.

Morgan aliweka kijiko chini. "Basi mwaka huu tufunge," alisema.

"Unasema kweli?"

"Kweli kabisa. Na tufanye harusi kubwa. Umengoja sana."

Habari ilienea haraka. Mtu wa kwanza kuja alikuwa Amolo, kaka yake Morgan, anayeishi Rongai. Amolo ni mtu wa watu. Katika kila harusi ya ukoo yeye ndiye mwenyekiti wa kamati, ndiyo maana kila mtu humwita Jakom, yaani mwenyekiti kwa Kijaluo. Aliketi kwenye stuli ya wateja na kuanza kupanga.

"Magari manane, yote meupe," Amolo alisema. "Bustani ya kukodi. Tenti tatu. Keki ya ngazi sita. Watu mia tatu."

"Jakom, hiyo pesa itatoka wapi?" Morgan aliuliza.

"Watu wataahidi. Ile itabaki, unakopa kidogo. Harusi ni mara moja tu."

Morgan alitafuta mkopo. Alipata kampuni moja mjini inayokopesha watu wenye mshahara. Afisa wa mkopo alimpokea vizuri. Alimwambia angeweza kupata shilingi laki moja na nusu, alipe kwa miezi sita, riba asilimia kumi. Dhamana ilikuwa pikipiki na cherehani mbili za Jentrix. Angetia sahihi Jumatatu.

Morgan alirudi nyumbani anapiga mluzi. Kichwani alikuwa amefanya hesabu. Asilimia kumi ya laki moja na nusu ni elfu kumi na tano. Kwa hiyo angerudisha laki moja na elfu sitini na tano. Si mbaya, alijiambia. Zawadi za harusi zingesaidia kulipa.

Jumamosi hiyo, jirani yao Sirad alikuja kuchukua nguo za watoto. Sirad anauza vitambaa mjini Kitengela, na majirani humwita Mama Jeylani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alimkuta Jentrix anachagua maharagwe kwenye sinia. Morgan alikuwa mlangoni anaosha pikipiki.

"Mama Lavin, naona unachekacheka," Sirad alisema. "Kuna nini?"

Jentrix akamwambia yote. Harusi, bustani, magari, mkopo.

Sirad alifurahi sana. Alimshika mkono. "Mungu awabariki. Na huo mkopo, mtarudisha jumla ngapi?"

"Laki moja na elfu sitini na tano," Morgan alijibu kutoka nje.

"Wamekuambia hivyo?"

"Hapana. Nimehesabu mwenyewe. Riba ni asilimia kumi."

"Asilimia kumi ya mwaka, ya mwezi, ama ya mkopo wote?"

Morgan aliacha kuosha. "Sikuuliza," alisema.

"Sisi dini yetu hairuhusu riba," Sirad alisema. "Lakini hata mtu ambaye anaruhusiwa, lazima ajue analipa nini. Mimi nikinunua mzigo, sitoi pesa kabla sijajua gharama yote mpaka kitambaa kifike dukani. Uko na namba ya huyo afisa?"

"Niko nayo."

"Mpigie. Muulize mambo matatu tu. Jumla ya kurudisha ni ngapi. Kuna ada gani. Na mkichelewa, itakuwaje."

Morgan alipiga simu na kuweka sauti ya juu ili wote wasikie. Afisa alijibu kwa adabu. Alisema riba ni asilimia kumi kila mwezi, na inahesabiwa kwa mkopo wote mpaka mwisho, hata baada ya kuanza kulipa. Kila mwezi Morgan angelipa elfu arobaini. Jumla kwa miezi sita ilikuwa laki mbili na elfu arobaini. Tena kulikuwa na ada ya elfu saba na mia tano, ambayo ingekatwa mwanzoni. Wakichelewa, kampuni ingeongeza faini, kisha ingechukua pikipiki na cherehani.

"Asante," Morgan alisema, na simu ikakatika.

Jentrix aliangalia cherehani zake. Moja alikuwa ameinunua kwa pesa za chama, kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Ya pili walinunua pamoja Felix alipozaliwa.

"Elfu arobaini kila mwezi," alisema polepole. "Si hiyo inakula mshahara wako wote?"

Sirad alivuta sinia katikati. "Tuone kwa macho," alisema. "Kila haragwe moja ni elfu tano. Kwa mwezi, nyinyi wawili mnaingiza ngapi?"

Mshahara wa Morgan ni elfu thelathini na nne. Jentrix, akitoa pesa za uzi na vitambaa, hubaki na kama elfu kumi na moja. Jumla ni elfu arobaini na tano. Sirad aliweka maharagwe tisa kwenye meza.

"Haya. Nyumba?"

"Elfu kumi," Jentrix alisema. Maharagwe mawili yakasogezwa kando.

"Chakula?"

"Kama elfu kumi na tano." Matatu yakaondoka.

Shule ilichukua moja. Mafuta ya pikipiki, gesi, maji na stima yakachukua moja. Pesa ya wazazi, ya kanisa na ya dawa ikachukua moja. Mezani likabaki haragwe moja peke yake.

"Na mkopo unataka manane," Sirad alisema.

Morgan aliangalia lile haragwe moja. Kisha alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Yaani miezi sita tungekula picha za harusi," alisema.

Hata Jentrix alicheka, ingawa macho yake yalikuwa na machozi. "Basi harusi imekufa," alisema.

"Nani amesema imekufa?" Sirad aliuliza. "Mmeanza upande wa nyuma, ni hivyo tu. Mmepanga harusi kwanza, halafu mkatafuta pesa. Sasa anzeni na pesa, halafu mpange harusi. Niambie, Mama Lavin. Ukifunga macho, hiyo siku unaona nini?"

Jentrix alifunga macho. "Naona kanisa. Naona mama yangu ameketi mbele. Naona nguo yangu. Naona watu wanakula wanashiba."

"Umeona magari manane?"

Jentrix alifungua macho. "Sijaona hata moja."

"Hayo uliyoona, hiyo ndiyo harusi yako," Sirad alisema. "Hayo mengine ni ya watu."

Jioni hiyo maharagwe yalichemshwa na kuliwa. Watoto walipokuwa wakicheza nje, Morgan na Jentrix waliketi na kupanga upya. Walikuwa na elfu ishirini na nane kwenye chama. Waliamua kusongesha harusi kutoka Aprili mpaka Agosti, watoto wakiwa wamefunga shule. Lile haragwe moja la kila mwezi lingeenda kwenye akiba ya harusi. Jentrix angeshona sare nyingi za shule kwa oda, jambo ambalo alikuwa akilikataa kwa sababu ya uchovu. Pesa hiyo pia ingeingia kwenye akiba.

"Tusiweke kwa simu yako wala yangu," Jentrix alisema. "Ikiwa karibu, tutaila."

Kwa hiyo walifungua akaunti ya akiba katika sacco ya kiwanda, yaani ushirika wa akiba wa wafanyakazi, mahali Morgan alikuwa mwanachama tayari. Pesa ilikatwa moja kwa moja siku ya mshahara, kabla Morgan hajaiona. Pia walitenga elfu kumi za dharura. Walikubaliana kwamba hizo hazitaguswa kwa ajili ya harusi, hata kama keki ingekuwa ndogo kama sahani.

Harusi waliiwekea kikomo cha shilingi elfu tisini. Walishikana mikono juu ya hilo kama watu wanaouziana ng'ombe.

Jumatatu Morgan hakwenda kutia sahihi. Alimpigia afisa simu, akamshukuru na kumwambia hatahitaji mkopo. Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Amolo.

Amolo alikuja Jumapili iliyofuata na furaha yake yote. Morgan alimweleza. Uso wa Amolo ulibadilika.

"Umeniaibisha," alisema. "Nimeshaambia watu kuhusu magari. Wa kwetu watasema nini?"

"Watasema tumeoana," Morgan alijibu.

"Harusi bila msafara ni harusi gani?"

Jentrix alileta chai. Aliiweka mbele ya Amolo, akaketi.

"Shemeji," alisema, "zile siku Lavin alilazwa, ni nani alikuja hospitali na uji kila asubuhi? Ni wewe. Sijasahau. Kwa hivyo naongea na wewe kama ndugu. Hizi cherehani zikichukuliwa, nitalisha watoto na nini? Magari yatarudi kwa wenyewe saa kumi na mbili jioni. Deni litalala hapa na sisi."

Amolo alikunywa chai. Alikuwa amejiona tayari mbele ya ule msafara, na sasa haupo.

"Ni laki mbili na arobaini kweli?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo, Jakom. Tulisikia sisi sote kwa simu."

"Hiyo ni ng'ombe wangapi?" Amolo alijiuliza, kisha akatikisa kichwa. "Haya. Lakini kuwe na kitu cha maana cha kufanya. Siwezi kuwa mwenyekiti wa keki ndogo."

"Chukua chakula," Jentrix alisema. "Watu mia moja na ishirini. Pesa ni elfu arobaini. Washibe wote, na isizidi."

Macho ya Amolo yaliwaka. Hilo lilikuwa jambo la kushindana nalo. Tangu siku hiyo alizunguka masoko kama mtu anayewania kiti. Aliuliza bei ya mchele Rongai, akauliza Kitengela, akaenda mpaka Ewuaso Kedong kuangalia mbuzi. Kila jioni alimpigia Morgan simu kumweleza alichookoa.

Mikutano ya kamati ya harusi nayo ilibadilika. Zamani watu walisimama na kuahidi pesa nyingi, kisha wakapotea. Safari hii Jentrix alisema wazi, "Ahadi hatutahesabu mpaka ifike. Na ukiwa huna pesa, leta kitu. Ama leta mikono yako." Watu walipumua. Mmoja alileta kilo kumi za mchele. Kwaya ilisema itaimba bure. Akina mama wa kanisa walisema watapika, mradi wapate kuni na sufuria kubwa.

Mwezi wa Juni, mota ya cherehani iliungua katikati ya oda ya sare. Jentrix aliketi akashika kichwa.

"Tutoe kwa akiba ya harusi?" Morgan aliuliza.

"Hapana," Jentrix alisema. "Elfu kumi za dharura ni za nini?"

Fundi alichukua elfu nne na mia tano, mota ikawa mpya. Sare zilimalizika kwa wakati. Pesa ya sare ilipoingia, kitu cha kwanza walichofanya ni kurudisha ile elfu nne na mia tano mahali pake.

"Mwaka jana tungekopa kwa simu," Morgan alisema.

"Na mpaka leo tungekuwa tunalipa," Jentrix alijibu.

Nguo yake aliishona mwenyewe. Sirad alimletea satini ya rangi ya maziwa kutoka Eastleigh kwa bei aliyonunulia, na lesi ikawa zawadi yake. Jentrix aliikata polepole. Wateja wakiuliza ni ya nani, alisema, "Ni ya mteja mmoja msumbufu sana."

Mzee Kisemei, mwenye ploti, alikuja siku moja kwa miguu. Morgan alimsalimia kwa Kimaasai. "Sopa, mzee."

"Ipa," mzee aliitikia. "Nimesikia kuna harusi kwangu na hakuna mtu ameniambia mbuzi wangapi wanatakiwa. Mmelipa nyumba miaka tisa bila kunisumbua. Nitaleta mabeberu wawili."

Amolo aliposikia habari hiyo, alifanya hesabu upya usiku kucha. Asubuhi alitangaza kwamba bajeti ya chakula imebaki na elfu tisa.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya Agosti. Upepo wa Kitengela ulivuma kama kawaida yake, na shela ya Jentrix ikapepea mlangoni mpaka ikafunika kofia ya mchungaji. Kanisa zima likacheka. Mama yake Jentrix, Mama Nasike, aliketi mbele kabisa. Alikuwa amesafiri kutoka Bungoma, kwa nauli iliyokuwa ndani ya bajeti tangu mwanzo. Morgan aliposema "Nakubali," sauti yake ilikatika, ikabidi arudie. Mama Nasike alipiga vigelegele kabla hajaruhusiwa.

Kisha mchungaji aliandaa Meza ya Bwana. Wanandoa waliitwa kwanza. Felix aliwaangalia wazazi wake wakipiga magoti bega kwa bega. Akamwambia dada yake kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Leo mama ameitwa."

Sherehe ilikuwa uwanjani, nje ya kanisa. Tenti ilikuwa moja. Mbuzi walikuwa wamechinjwa na mume wa Sirad, ili Waislamu na Wakristo wale kutoka sufuria moja. Sirad mwenyewe alisimamia pilau, mikono ya buibui ikiwa imekunjwa, akiwaamuru akina mama wa kanisa kama jeshi lake. Watu walikula. Waliorudi mara ya pili walipata. Waliobeba nyumbani pia walipata. Amolo alipita katikati ya meza na koti lake jipya, akimwuliza kila mtu, "Umeshiba? Sema ukweli." Walipomjibu wameshiba, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejenga daraja.

Watu wa kwao, wale Amolo aliowahofia, kweli walisema. Walisema nyama ilikuwa laini. Waliuliza nguo ya bibi harusi imetoka duka gani. Walipoambiwa ameishona mwenyewe, wasichana watatu walichukua namba yake ya simu. Mmoja alitaka vipimo vichukuliwe palepale, na Jentrix akamwambia asubiri angalau bibi harusi amalize keki.

Kikomo kilikuwa elfu tisini. Harusi yote iligharimu elfu themanini na sita.

Jumatatu asubuhi Morgan alienda kazini kwa pikipiki yake. Jentrix alifungua mlango wa mbele na kuketi kwenye cherehani. Mama Nasike alikuwa kwenye stuli na kikombe cha chai, begi lake likiwa miguuni, limeshafungwa.

"Mama, mbona umefunga mizigo mapema hivi?" Jentrix aliuliza.

"Harusi ya kaka yako nilikaa siku mbili tu," mama alisema. "Asubuhi ya tatu watu wa tenti walibisha mlango, wakaja wa magari, wakaja wa bustani. Kaka yako alijificha chooni. Mimi nilibaki kuwakaribisha watu sijui hata majina. Sasa naondoka kabla wenu hawajafika."

"Wetu nani?"

"Wanaowadai."

Jentrix alisimamisha cherehani na kumgeukia. "Mama, hakuna mtu anatudai. Wote walilipwa kabla ya harusi."

"Wa tenti?"

"Alilipwa."

"Wa keki?"

"Alilipwa pia. Tena mwezi ujao tunaendelea kuweka akiba. Sasa ni ya shule ya Lavin. Tumeshazoea."

Mama Nasike aliangalia mlango. Aliangalia cherehani mbili, kila moja mahali pake. Kisha aliinama, akafungua begi, akatoa kanga na kujifunga kiunoni.

"Basi nitakaa mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Nionyeshe mahali pa kuosha hivi vyombo vya chai."